Kijumbe wa Miaka Kumi na Minane

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu Salma wa miaka kumi na mmoja, na Idi wa miaka sita, wote wawili ndani ya sare za shule kwa sababu hawakuwa na nguo nyingine ya kuingilia ofisini. Alikuwepo Bi Mwanahawa, muuza vitumbua, mtu wa Tanga kama wazazi wetu, aliyechagua kiti cha karibu na mlango akakikalia kama yuko zamu. Alikuwepo Mama Neema, fundi cherehani, na sindano mbili bado zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi yake. Ng'ambo ya meza walikaa wawili: mama mwenye miwani, mkuu wa kamati ya rufaa, na bwana mmoja mwembamba aliyeshika faili letu. Na alikuwepo Maman Furaha, msusi kutoka Bukavu, ingawa yeye aliingia mwisho, wakati sisi tumeshaanza kutazama viatu vyetu.

Nimerudishwa huko na harufu ya wino. Wiki mbili zilizopita nilikwenda na Idi kituo cha polisi kugongesha mihuri nakala za vyeti vyake, maana anaomba nafasi chuo kikuu pale Braamfontein, na hapa Johannesburg nakala si kitu mpaka polisi aigonge. Siku hizi Idi ananizidi urefu kwa kichwa kizima. Askari akafungua kile kibati cha wino, akagonga mara tatu, na harufu ikanipanda puani, kali na tamu kidogo, kama mafuta ya taa yaliyodondoshewa pipi. Nikashika ukingo wa kaunta.

"Dada, uko sharp?" Idi akaniuliza.

Nikamwambia niko sawa. Njiani nilimuuliza anakumbuka nini cha siku ile ya rufaa. Alifikiri mpaka tukavuka roboti mbili, zile taa za barabarani. "Kulikuwa na biskuti," akasema. Ni kweli, zilikuwepo.

Wakati huo tulikaa Observatory, chumba cha uani nyuma ya nyumba kubwa ya mawe iliyoegemea kilima. Baba alikuwa amepata ukazi wa kudumu kabla hatujazaliwa, kwa hiyo sisi watatu tulikuwa na vyeti vya hapa hapa, jambo ambalo sikuliona kuwa mali mpaka nilipokua. Baba alipofariki, Mama alibaki na sisi miaka miwili, kisha naye akaanza kuugua. Niliacha shule nikiwa darasa la kumi. Hakuna aliyenilazimisha. Asubuhi moja nilimwogesha Mama, nikampeleka Idi kwa jirani, nikatazama saa, nikaona kipindi cha hesabu kimeshaanza bila mimi, na kesho yake sikuitazama tena saa. Alipozikwa nilikuwa nimeshapata kazi ya kuosha vyombo katika mgahawa wa wanafunzi Braamfontein. Mikono yangu ilinuka sabuni na mafuta ya chipsi hata nikiwa nimelala.

Kisha nyumba ile ya mawe ikauzwa. Mwenye nyumba mpya alitaka uani pabomolewe, akatupa miezi mitatu. Afisa ustawi wa jamii aliyekuwa akitutembelea alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ndio uliotisha. Aliniambia kwamba mimi nina miaka kumi na minane, kisheria naweza kuwalea wadogo zangu, ila lazima niwe na makazi yenye mkataba wa jina langu. Nisipopata, Salma atapelekwa kwenye makao ya wasichana na Idi kwenye makao ya watoto wadogo. "Kwa muda tu," alisema. Salma alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza. Usiku huo alilala akiwa amefunga mkanda wa gauni lake kwenye kifundo cha mguu wa Idi.

Afisa huyo huyo ndiye aliyetuambia juu ya nyumba za kupanga za watu wa kipato cha chini, kule Marshalltown, jengo la zamani la ofisi lililogeuzwa vyumba. Kodi yake ilikuwa nafuu kwa sababu serikali ilichangia. Ukitaka, unapeleka fomu, kitambulisho, vyeti vya wadogo zako, slipu za mshahara na taarifa ya benki ya miezi mitatu.

Na hapa ndipo lilipo kosa langu, na ili mlielewe lazima niwaeleze mchezo wa Mama.

Mama alikuwa kijumbe. Wanawake sita wa mtaa wetu na wa Yeoville walicheza mchezo: kila mmoja anachanga, fungu zima anachukua mmoja, mwezi unaofuata mwingine, mpaka mzunguko utimie. Kijumbe ndiye anayepokea, anayekumbusha, na anayefunga mdomo. Wengine kati yao hawakuweza kufungua akaunti kwa sababu ya makaratasi, na kutembea na fungu lile mkobani ni kumwita mwizi kwa jina, kwa hiyo pesa zote zilipita benki, katika akaunti ya Mama. Siku ya arobaini yake, vyombo vya pilau vikiwa bado havijaoshwa, Bi Mwanahawa alinivuta pembeni.

"Mwanangu, mama yako amekwenda, mchezo usiende naye. Wewe una kitambulisho. Fungua akaunti."

"Mimi mtoto, Bi Mwanahawa."

"Sisi hatukuoi. Tunakupa pesa utunze."

Nikawa kijumbe. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nasema bila haya kwamba nilikuwa kijumbe mzuri. Hakuna zamu iliyochelewa. Hakuna mume aliyejua kutoka kwangu mkewe amechukua lini.

Sasa, mtoto anaposikia kwamba mtu mkubwa anataka kuona taarifa yako ya benki, anaelewa nini? Mimi nilielewa kwamba wanataka kujua kama naweza kulipa. Nilikuwa nimeona jinsi wenye maduka walivyomtazama Mama alipoomba kukopeshwa unga, na nikaamini kwamba ofisi yoyote ni duka tu lenye viti vizuri. Slipu yangu ya mshahara ilikuwa nyembamba mno. Nikaona aibu nayo. Basi nikangoja. Sikupeleka fomu mwezi niliopewa. Nilingoja mpaka mchezo uwe umejaa, nikawaomba wanawake wote sita waweke mapema, kabla benki haijanichapia karatasi.

"Kwa nini mapema?" Mama Neema aliuliza.

"Nataka nionekane mtu."

Wakacheka, wakaweka. Maman Furaha, aliyekuwa anacheza mikono miwili, yaani anachanga mara mbili ili achukue mara mbili, aliweka yote kwa mpigo. Ile karatasi ilipotoka niliipiga pasi kwa chini ya sufuria ya moto isije ikawa na mkunjo.

Barua ya kukataliwa ilikuja baada ya wiki tatu. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi ya mlango. Ilisema kipato cha kaya yangu kimezidi kima cha juu kinachoruhusiwa, na kwamba nisiporidhika nina siku kumi na nne za kukata rufaa kwa maandishi. Niliisoma tena. Nilikuwa tayari kuambiwa maskini. Sikuwa nimejiandaa kuambiwa tajiri. Salma alichukua barua akaisoma kwa Kiingereza chake cha shule, kizuri kuliko changu.

"Dada, wanasema tuna pesa nyingi," akasema, akatazama chumba chetu chote, kitanda kimoja, godoro moja, jiko la umeme la sahani moja, kama anayezitafuta.

Nilikwenda ofisini kwao. Msichana wa mapokezi alinieleza bila kuinua kichwa: kama pesa si zako, kila mwenye pesa alete hati ya kiapo, jina lake, kiasi chake, na sababu ya kukuwekea. Hati ya kiapo ni bure. Unakwenda tu polisi, unaapa, wanagonga muhuri.

Alisema "unakwenda tu polisi" kama mtu anayesema unakwenda tu dukani.

Bi Mwanahawa aliapa siku ile ile. Alipanga foleni na ndoo yake ya vitumbua, akarudi ndoo imekwisha. Mama Neema alisita siku mbili kwa sababu ya mume, kisha akaapa, na kumwambia mumewe alikwenda kutoa taarifa ya simu iliyopotea. Wengine watatu wakafuata. Zikawa hati tano. Ya Maman Furaha haikuja.

Nilimfuata saluni kwake Yeoville, chumba chembamba chenye viti vitatu na harufu ya dawa ya kulainisha nywele inayochoma macho. Alikuwa anamsuka mteja. Akasema nije Alhamisi. Alhamisi akasema Jumamosi. Jumamosi akasema kichwa kinamuuma. Nilikuwa nimeshagundua tangu zamani kwamba Maman Furaha hapiti mbele ya kituo cha polisi. Akifika kwenye spaza, kile kiduka cha kona, huvuka barabara, akazunguka kwa nyuma, hata kama mvua inanyesha. Pale getini polisi walikuwa na mbwa mkubwa mweusi, nami kwa akili yangu ya kitoto niliamua kwamba anamwogopa mbwa. Basi siku ile nikamwambia nitakwenda naye, nitatangulia mimi, mbwa amefungwa mnyororo.

Aliniangalia kwenye kioo, vidole vikiendelea kusuka.

"Si mbwa, mutoto yangu."

"Basi ni nini? Pesa zako nimezitunza mwaka mzima. Leo nakuomba jina lako tu."

"Jina si kitu kidogo."

Nikatoka bila kuaga. Nilimwona mchoyo. Niliwaambia wenzake kwamba Maman Furaha hatufai, na Bi Mwanahawa akanikata: "Nyamaza, hujui unachosema." Hakuniambia nisichojua ni nini. Kumbe si mimi kijumbe peke yangu niliyefunga mdomo.

Ikaja siku ya kamati, katika ofisi yao Braamfontein, dakika tano kutoka nilipokuwa nikioshea vyombo. Kulikuwa na sahani ya biskuti katikati ya meza ndefu. Yule bwana mwembamba ndiye aliyeanza.

"Hapa umeandika unaosha vyombo. Hapa benki inasema zimeingia pesa zinazozidi mshahara wangu mimi."

"Si zangu, bwana."

"Akaunti ni ya nani?"

"Yangu."

"Na zilipotoka zilikwenda wapi?"

"Kwa Mama Neema. Ilikuwa zamu yake."

Mama Neema aliposikia jina lake akasimama wima, mikono ubavuni, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Hakujua Kiingereza. Nikamwambia akae.

Mama mwenye miwani alikuwa anapitia zile hati tano. "Hii ni stokvel?" akaniuliza.

Nikasema hapana. Nilisema kwa imani kabisa. Kwangu mimi stokvel ilikuwa shughuli ya majirani wenyeji, wanavaa fulana za rangi moja, Desemba wanagawana nyama na unga. Sisi tulikuwa na mchezo.

"Mnachanga kila mwezi, anachukua mmoja, kisha mwenzake?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, hiyo ni stokvel. Mimi mwenyewe niko kwenye tatu. Ungesema hivyo kwenye fomu tusingefika hapa."

"Anasemaje?" Bi Mwanahawa akauliza kutoka mlangoni.

"Anasema naye anacheza."

"Muulize zamu yake lini."

Sikulitafsiri hilo. Lakini chumba kilikuwa kimelegea, na mama yule akasukuma sahani ya biskuti kwa Idi, naye akachukua mbili, moja akampa Salma.

Ndipo bwana mwembamba akapiga hesabu. Akaondoa pesa za hati tano, moja moja, kwa kalamu nyekundu. Akafika mwisho akaweka kalamu chini. Zilibaki za mikono miwili ya Maman Furaha, na zikibaki hizo, bado nilikuwa juu ya kima. "Hizi za jina Furaha," akasema. "Hazina hati."

"Ni mwenzetu wa mchezo," nikasema.

"Yuko wapi?"

Nikatazama viatu vyangu. Mama mwenye miwani alivua miwani akaiweka juu ya faili, na nikajua, kama unavyojua maji yamechemka kabla hujafunua sufuria, kwamba anataka kutusaidia na hana namna. Salma aliushika mkono wa Idi chini ya meza. Nilisema jambo moja tu, na bado najivunia kulisema. Nilisema, "Naomba dakika kumi." Sikujua dakika kumi za nini.

Bi Mwanahawa akafungua mlango, akachungulia, akaufunga. Akaufungua tena. Mara ya tatu akasema kwa sauti ya mtu anayemgombeza muuza mkaa, "Wee Mama, lifti ya kulia, si ya kushoto," na Maman Furaha akaingia.

Alivaa kitenge chake cha kanisani. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kwenye ndewe za masikio. Alivuka chumba bila kusalimu mtu, akaweka karatasi mezani, na harufu ya wino mbichi ikatangulia kufika kabla sijaiona. Muhuri ulikuwa bado unang'aa.

Bwana mwembamba akaisoma, akachukua kalamu nyekundu. Mama mwenye miwani alimtaka shahidi aseme kwa mdomo wake, nami nikatafsiri.

"Ule mutoto ni kijumbe," Maman Furaha akasema. "Makuta si yake. Hata chupa ya soda hanunuaka nayo. Mama yake alikuwa vile, naye njo vile."

"Amesema maneno mengi kuliko uliyosema wewe," bwana akaniambia, maana nilikuwa nimeishia kwenye pesa si zake.

"Mengine ni ya kunisifu."

"Yatafsiri," akasema mama mwenye miwani. Nikayatafsiri, nikitazama meza.

Katika korido, tukingoja lifti ya kulia, nilimuuliza Maman Furaha kwa nini amekuja. Alinisimulia jinsi ilivyokuwa, kwa sauti ya chini. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imeisha muda karibu mwaka mzima. Kila alipokwenda kuomba upya alirudishwa. Asubuhi ile alipanga foleni polisi. "Aliniuliza jina, nikamupa. Akaniomba karatasi, nikamupa. Akaona tarehe. Nilimuona anaiona. Akaniangalia, miye nikamuangalia. Akauliza, hizi pesa za nini? Nikamuambia ni juu ya watoto ya marehemu wapate nyumba. Akagonga. Nikabakia nimesimama pale, nikingoja anifunge. Akasema, mama, sogea, watu wako nyuma yako."

Alicheka alipomaliza. Mimi nilikuwa nimeshika kidevu. Mbwa, nilikuwa nimemwambia. Mbwa amefungwa mnyororo.

Rufaa ilikubaliwa kwa barua ya mistari minne. Tulihamia Marshalltown siku nne kabla uani hapajabomolewa: vyumba viwili ghorofa ya nne, mabomba yenye maji, dirisha linalotazama wauza mboga wakipanga nyanya kando ya njia. Afisa ustawi alikuja, akaketi, akaandika majina yetu matatu kwenye karatasi yake na hakuja tena na ule upole. Tuko pale mpaka leo. Nililea watu wawili ndani ya vyumba vile, sikuomba radhi kwa mtu, na nilipanda kutoka kwenye karo ya kuoshea vyombo mpaka kuwa mkuu wa jiko lile lile. Wenzangu mlioachiwa wadogo mnajua hayo hayaji yenyewe.

Ila mwaka mmoja na kitu baada ya kuhamia, jengo alilokaa Maman Furaha Yeoville lilifungwa na watu wakatolewa. Alikuja kwetu Jumapili mchana, mifuko miwili, na mashine yake ya kukaushia nywele kwapani. Sheria ya jengo letu ilibandikwa ukutani pale mapokezi: wanaokaa ni walioandikwa kwenye mkataba. Ungeweza kuandika barua kuomba ruhusa ya mgeni wa muda. Ofisi ilikuwa safari fupi ya basi, na mama mwenye miwani bado alikuwepo. Sikuandika. Niliogopa wakifungua tena faili letu, watakuta kitu kingine ambacho sikukijua. Nilimwekea chai, na kabla hajaomba lolote nikamwambia, "Maman, mkataba una majina matatu."

"Najua," akasema. "Nilikuya tu kunywa chai."

Akainywa yote. Salma alikuwa anaitazama mifuko, hakunitazama mimi. Kabla jua halijashuka Maman Furaha alikuwa ameshaondoka kwenda kwa wanawake wa kanisa lake Rosettenville, na mimi nikaosha kikombe chake, kazi niliyokuwa naijua.

Leo ningeiandika barua ile bila kushusha kalamu. Leo Maman Furaha haihitaji. Ana karatasi zake, ana saluni ya viti sita, na Salma, ambaye sasa anafundisha shule, huenda kwake kila mwisho wa mwezi kusukwa. Mimi humfuata kulipa. Humpa Maman Furaha noti kubwa, na kila mara humwambia abaki na chenji. Naye kila mara hufungua mkoba, hulowesha kidole, hunihesabia chenji yangu kiganjani mpaka sarafu ya mwisho.

"Deni ya nywele imeisha," husema, na kumwita mteja anayefuata.